Mchumba wa Mpiga Tumba

Msichana anayeposwa hakai sebuleni. Hivyo ndivyo Héritière alivyolelewa, na Jumamosi ile alasiri huko Lakeville mambo yalikwenda hivyo hivyo: wageni chini, yeye ghorofani, amefunga liputa, kitenge kipya cha maua ya zambarau, amekaa ukingoni mwa kitanda akijitafuna midomo mpaka rangi ikaisha. Shangazi yake Pascasie, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alikuwa amekalia kiti mlangoni. Mguu mmoja aliuegemeza kwenye mlango, kuhakikisha mtoto hatoki mpaka aitwe.

Lakini nyumba za Minnesota hazijui kutunza siri. Sakafuni, karibu na dirisha, palikuwa na tundu la kupitishia hewa ya moto, nalo lilishuka moja kwa moja mpaka sebuleni. Hita ilipozimika, kila neno la chini lilipanda likiwa zima. Héritière alishuka kitandani, akapiga magoti kando ya tundu na kutega sikio. Pascasie alimtazama, akaguna kwamba hiyo si adabu, kisha naye akakisogeza kiti chake karibu.

Huko chini mzee Thaddée, baba yake, alikuwa amekaa na wazee wa kanisa. Mbele yao alikaa Serhat na ukoo wake. Ukoo wenyewe ungeuona ungecheka. Serhat ni Mturuki wa Izmir, wazazi wake wako mbali na mama yake hapandi ndege hata kwa kubebwa, na mtu hawezi kuja kuposa peke yake kama anayekuja kuuliza njia. Basi bendi ndiyo iliyokuja kuwa jamaa zake: mama mmoja mwimbaji wa Kikuba mwenye mvi, mpiga trombone wa Kolombia na mpiga besi wa Puerto Rico. Wote walivaa zile suti za kung'aa wanazovaa jukwaani, kwa kuwa nyingine hawakuwa nazo.

Tena mposaji hajisemei. Lazima awe na mtu wa kumsemea. Kwa hiyo walimtafuta Papa Bagalwa, mzee wa Bukavu anayeishi Saint Paul, ambaye sifa yake kubwa ni kwamba hakuna kikao kilichowahi kuvunjika mikononi mwake. Bagalwa alimfunda Serhat kwa Kiingereza chake kizito. Wewe usifungue mdomo. Mimi nikikutazama, inamisha kichwa. Ni heshima. Serhat alikuwa amefanya mazoezi ya kuinamisha kichwa garini, njia nzima, na Héritière alipoambiwa habari hiyo kwa simu alicheka mpaka wanja ukamwagika.

Alimpenda yule mtu. Tuseme wazi, maana mapenzi ni kikohozi. Walikutana kwa sababu ya dole gumba. Héritière ni mtaalamu wa tiba ya mikono katika hospitali moja Saint Paul, na Serhat aliletwa kwake dole likiwa limevimba kwenye kiungo. Alipompindua viganja alishangaa. Ngozi ilikuwa imekomaa mahali ambapo hata viganja vya maseremala havikomai, na vidole, hata vikiuma, havikutulia; vilikuwa vikigonga ukingo wa meza polepole. Akamwuliza anafanya kazi gani. Serhat akasema, "Napiga tumba," akimaanisha zile ngoma ndefu za Kikuba ambazo zimo katika kila rumba ya Kikongo. Kwa Wakuba na kwa Wakongo jina ni lile lile, na Héritière alipolisikia katika kinywa cha Mturuki alisahau alichotaka kuandika.

Habari zake alizijua baadaye, kidogo kidogo. Serhat alizaliwa katika ukoo wa wapiga darbuka, ile ngoma ndogo ya Kituruki, wa harusini. Mjomba wake alimrithisha darbuka yake, naye akaiweka chini siku aliyosikia kaseti ya muziki wa Kikuba, ambayo baharia mmoja aliisahau katika duka la kunyolea la baba yake. Alijifunza Kihispania kabla ya Kiingereza. Aliuza pikipiki akaenda Havana kukaa miguuni pa wazee wa tumba. Alifukuzwa katika bendi kwa kuambiwa kwamba mkono wake unanuka Uturuki, akarudi, akafukuzwa tena, akarudi, mpaka siku moja wakasahau kumfukuza. Waturuki wenzake walimwuliza anatafuta nini katika ngoma za watu. Walatino walimwita Turko, mwanzoni kwa dharau, baadaye kwa mapenzi. Na sasa okestra moja kubwa ya New York ilikuwa imemwita kwa ziara: Puerto Rico, Bogotá, Cali, Lima. Theluji ikiyeyuka tu, anaondoka. Mlango aliougonga tangu utotoni ulikuwa umefunguliwa.

Mzee Thaddée hakutaka kusikia. Suala la dini yeye na binti yake walilipigania majira yote ya baridi mpaka wakachoka wote wawili, na mwisho mzee akatamka maneno yaliyozunguka kwa Wakongo wote wa Minnesota: "Muturuki nitamubeba mu sala. Mupiga-tumba, hapana." Sababu yake ilikuwa palepale nyumbani. Pascasie, dada yake wa pekee, aliolewa na mpiga gita aliyeitwa Rigobert. Rigobert aliondoka Bukavu kwenda kupiga Kampala mwisho wa wiki moja, na mpaka leo bado anapiga.

Chini, salamu zilikwisha. Sala ikaombwa, sifa za ukoo zikatolewa, wazee wakacheka walipoambiwa kwamba mama wa Kikuba ndiye mama wa mposaji. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno. Ndipo sauti ya Thaddée ikapanda kwenye tundu, taratibu.

"Upendo wake tumesikia. Sasa tunauliza mikono yake. Ile mikono inafanya kazi gani?"

Papa Bagalwa alikohoa. Héritière alikijua kikohozi kile. Ni cha mtu anayetafuta pa kuweka mguu.

"Papa Thaddée, kijana wetu alikuwa anapiga tumba."

"Alikuwa?"

"Alikuwa. Lakini aliona binti yako, akaona vitu viwili haviwezi kukaa mu nyumba moja. Tumba ameweka chini. Ile safari ya Amerika ya kule chini, amekatala. Leo, mbele ya wazee, anasema bibi kwanza."

Thaddée akauliza kama mwenyewe anakubali. Héritière hakuweza kuona, lakini hakuhitaji kuona. Alijua kwamba Bagalwa amegeuka na kumtazama kijana, na kwamba Serhat, ambaye Kiswahili chake hakijajaza kiganja, ameinamisha kichwa kwa heshima zote alizozifanyia mazoezi. Makofi yakapigwa. Mzee mmoja akasema amina.

Penye wazee haliharibiki neno, wanasema, lakini hili lilikuwa limeharibikia mikononi mwa wazee wenyewe. Na neno lililokubaliwa katika kikao halirudishwi. Lingetajwa kwenye harusi, lingetajwa kwenye ubatizo wa watoto, lingetajwa siku yoyote ambayo Serhat angegusa ngoma, kwamba huyu alitudanganya mbele ya Mungu. Héritière akasimama.

"Kaa," Pascasie alisema.

"Tantine, umesikia walichofanya?"

"Nimesikia. Sema aksanti. Papa yako ameshakubali." Pascasie alikuwa na machozi ya furaha na hakuyaficha. Akamweleza kwa upole kwamba kikao ni kikao na nyumba ni nyumba. Watu husema mengi mbele ya wazee. Wakishaoana, Serhat atapiga tumba yake kidogo, mbali, nani atamwona, na polepole dunia itasahau. Wanawake wangapi wameolewa kwa maneno ya Bagalwa na leo wana wajukuu.

"Kidogo, mbali," Héritière alirudia. "Kama mwizi."

"Kama bwana mwenye akili."

"Na kama hataki kudanganya? Kama ataishika ile ahadi kweli?"

Hilo ndilo lililomtisha. Alimfahamu Serhat. Zile wiki alizomfunga dole na kumkataza kupiga, alimwona akija kliniki kila mara mwembamba zaidi, anajibu anachoulizwa, anacheka wengine wakicheka. Alikula bila kujua anakula nini. Siku alipomfungulia dole, hakusema asante. Aliweka viganja juu ya meza, akapiga mapigo machache tu kwa tahadhari, na uso wake ukarudi. Héritière alimpenda siku ile, wala si kabla ya siku ile.

Akasogea mlangoni. Pascasie hakuuondoa mguu.

"Ukitoka bila kuitwa, kikao kimevunjika. Unapatisha Papa yako haya mbele ya kanisa yote. Hataweza kuinua kichwa."

"Najua."

"Na bwana unaweza kumukosa leo leo."

"Hilo pia najua, Tantine. Niachie njia."

Walitazamana. Ni mwanamke huyu aliyemsuka nywele, aliyemfundisha kusali, aliyefanya kazi ya usiku katika nyumba ya wazee ili yeye asome. Héritière hakutaka kumsukuma na hakumsukuma. Alisimama tu, akangoja, bila kuinamisha macho. Pascasie alitazama lile tundu la sakafuni, ambamo jina la Rigobert lilikuwa limeanza kupanda tena, Thaddée akiwaeleza wageni jinsi dada yake alivyoharibiwa maisha na gita. Midomo ya Pascasie ikabana. Aliuondoa mguu.

Ngazi zilikuwa fupi kuliko alivyozikumbuka. Alipotokea sebuleni, mazungumzo yalikatika. Wazee wa kanisa walitazama dari, wengine vikombe vyao. Papa Bagalwa akabaki mdomo wazi, na hilo watu hawakuwahi kuliona. Serhat alimwona, akatabasamu kwa uso wote, maana alidhani ndivyo utaratibu unavyokwenda.

"Nani amekuita?" Thaddée aliuliza.

"Hakuna, Papa."

"Basi rudia juu, fasi ulitoka."

"Nitarudi nikimaliza."

Mtoto wa Thaddée hakuwa amewahi kumjibu baba yake hivyo mbele za watu. Alimgeukia Serhat, akamwuliza kwa Kiingereza kama anajua amekubali nini alipoinamisha kichwa. Serhat alisema amekubali kumheshimu yeye na baba yake. Héritière akamwambia alichokubali. Alimwambia yote: tumba, ziara, tangu leo, mbele ya Mungu. Lile tabasamu halikutoka mara moja. Liliondoka kidogo kidogo. Mama wa Kikuba aliuliza kwa Kihispania kuna nini, mpiga trombone akamnong'oneza, na mama yule akafunga macho.

Bagalwa alijitetea, tena kwa haki yake. Alisema mlango ulikuwa unafungwa na yeye aliuwekea mguu. Alisema kazi ya msemaji ni kuleta bibi nyumbani, si kuleta ukweli wote, na kwamba miaka yote hii hakuna aliyemlalamikia.

Serhat hakumsikiliza. Alikuwa akimtazama Héritière, na sebule nzima ilimwona anavyomtazama. Viganja vyake vililala juu ya magoti, havigongi kitu.

"Mwambie baba yako nitaacha," alisema.

Héritière hakutafsiri.

"Mwambie, canım." Ndivyo alivyomwita siku zote, kwa neno la kwao la kumwita mpenzi. "Ngoma nimezipiga maisha yangu yote. Wewe nimekupata juzi. Kama ni lazima mtu achague, nimeshachagua. Sitaki uje kwangu huku baba yako analia."

Wengi mle ndani walijua Kiingereza, na nyuso zao zililainika. Hata Thaddée aliinamisha macho. Kila kitu kilikuwa tayari: baba ameridhika, kikao kimepona, mwanamume amejitoa kwa hiari yake mwenyewe. Ilimbakia Héritière kukaa chini tu. Hakuna mtu aliyewahi kumpenda kiasi kile na alijua hatapata mwingine wa kumpenda hivyo. Alitaka kumkumbatia palepale. Papo hapo alimkasirikia.

"Mimi sitaki," alisema.

Akasema tena kwa Kiswahili, baba yake asikie, kisha kwa Kiingereza, Serhat asikie. Alisema yeye ndiye aliyelifunga lile dole. Alimwona mtu huyu bila ngoma, wao hawakumwona. Mnataka kunipa mtu wa kukaa dirishani anatazama theluji, alisema, halafu mniambie nimepata bwana.

"Ninataka kukupa muntu wa kurudia nyumbani," Thaddée alisema. "Uliza shangazi yako kungojea ni nini. Muulize."

"Usiniweke mu hii maneno, Thaddée."

Pascasie alikuwa amesimama kwenye ngazi. Hakuinua sauti. "Kila mwaka unanitoa mbele ya batu na kunionyesha. Gita haikunikimbia. Rigobert, yeye njo alinikimbia, na alikuwa mukora mbele hajashika gita. Papa yetu alijua, nawe ulijua, na mulikula mbuzi wake."

Mzee mmoja wa kanisa alikohoa ili asicheke. Thaddée alisimama. Alikuwa mtu mrefu, na suti yake ya Jumapili ilimfanya mrefu zaidi. Kuna swali moja ambalo baba humwuliza binti mwisho wa kikao, baada ya yote kukubaliwa. Kila binti hulijibu kwa sauti ndogo, macho chini, ndiyo Papa, na vigelegele vikapigwa. Thaddée aliliuliza sasa, kwa hasira, akijua kwamba hakuna binti mwenye adabu anayeweza kulijibu vingine.

"Héritière. Mbele ya hawa wote. Unamujua huyu muntu?"

Yeye hakuangalia chini.

"Ninamujua, Papa. Ni mupiga-tumba. Alianza kupiga mbele hajanijua, na atapiga hata nikikasirika naye. Yule mwingine, yule mwenye kuacha, Papa Bagalwa njo amemuleta hapa leo. Mimi simujui. Kwake hamutanioza."

"Na akienda kule, asirudi?"

"Nitalia."

"Utalia kwa nani?"

"Kwa Tantine. Kwa Mungu. Hata hapa kwako, ukinifungulia. Lakini nitalia juu ya muntu nilichagua mwenyewe."

Serhat akauliza amesema nini. Héritière akamwambia. Serhat akamwuliza, kwa sauti ya chini iliyomkata Héritière moyo, kama maana yake ni kwamba amemkataa. Naye akamjibu kwamba amemkataa yule anayeacha. Huyu anayekwenda Puerto Rico yuko tayari kumngoja, na akichoka kumngoja atachukua likizo amfuate. Akamwambia pia kwamba asithubutu tena kumfanya yeye kuwa sababu ya kuweka mikono mifukoni. Katika maisha yake yote ya kufukuzwa na kurudi, Serhat hakuwa amepata kukemewa namna ile. Macho yake yalijaa maji, akacheka kidogo.

Kisha akasimama. Bagalwa alimvuta koti, akamnong'oneza akae, mposaji hasemi. Serhat aliutoa mkono wa mzee kwa upole. Alitafuta maneno. Kiswahili alichokuwa nacho alikiokota kwenye simu za Héritière na jikoni kwa Pascasie, na sasa alikikusanya chote.

"Papa," alisema. "Mimi napiga tumba."

Akakusanya maneno yaliyobaki.

"Napenda Héritière. Naenda. Narudi."

Hapakupigwa makofi. Wazee walitazamana. Thaddée alimtazama yule kijana kwa muda mrefu, viganja vyake hasa, vile viganja vilivyokomaa, kisha akamtazama dada yake kwenye ngazi, ambaye hakuyaepuka macho yake. Hakuna aliyejua atafanya nini. Pengine hata yeye mwenyewe hakujua. Alivuta koti lake likae sawa.

"Mimi sijasema ndiyo," alisema.

"Nimesikia, Papa," Héritière alijibu. "Mimi njo nimesema."

Akavuta kiti, akakaa kando ya Serhat.